Kutoka Raia hadi Mwananchi: Hatua za Awali za Mapinduzi ya Zanzibar katika Riwaya za Shafi Adam Shafi na Usomaji Wake Hulugho

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna riwaya tatu za Shafi Adam Shafi, yaani Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kuli (1979) na Vuta n'Kuvute (1999), zinavyosawiri hatua za awali za mapinduzi yaliyouondoa ufalme wa Zanzibar tarehe 12 Januari 1964. Hoja ya msingi ni kwamba mapinduzi ya umma dhidi ya ufalme hayaanzi kwa kumlenga mfalme. Huanza kwa madai ya ujira, mifugo na heshima, yanayotolewa kwa lugha ya utii, na hukomaa pale watu wanapoanza kujitaja kwa majina mapya. Aidha, makala yanaonyesha kwamba msomaji wa Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, ana nafasi ya pekee ya kuzielewa hatua hizo na ya kuuliza swali ambalo riwaya zenyewe haziulizi: ni nani anayelipa tukio jina lake?

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapoulizwa Mapinduzi ya Zanzibar yalianza lini, jibu la haraka huwa ni usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Usiku huo makundi ya watu wenye silaha duni yalivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni na kutwaa bunduki zilizokuwamo. Kabla ya siku kwisha, Sultani Jamshid bin Abdullah alikuwa amekwisha kuondoka Unguja kwa meli. Ufalme uliodumu visiwani kwa zaidi ya karne moja ulianguka katika muda wa saa chache.

Jibu hilo ni sahihi kwa kalenda ya serikali, lakini halimtoshi msomaji wa riwaya. Saa chache zinaweza kueleza jinsi ghala la silaha lilivyotekwa. Haziwezi kueleza ni kwa nini maelfu ya watu waliamka asubuhi ile wakiwa tayari kuuona ufalme kuwa jambo lililopitwa na wakati. Utayari huo ulijengwa kwa miaka mingi, bandarini, mashambani na vichochoroni. Fasihi ndiyo yenye nafasi ya kuonyesha ujenzi huo, kwa kuwa yenyewe hushughulika na yale yanayotendeka ndani ya nafsi ya mtu kabla hajatenda jambo la kuandikwa katika historia.

Shafi Adam Shafi ni miongoni mwa watunzi waliolishughulikia suala hili kwa kina. Inafaa kuzingatia mpangilio wa kazi zake. Alianza na Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya inayofikia mapinduzi yenyewe na matokeo yake. Mwaka uliofuata ikatoka Kuli, inayorudi nyuma hadi mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa mwaka 1948. Miaka 20 baadaye ikaja Vuta n'Kuvute, inayosimulia harakati za siri za miaka ya 1950. Ni kama kwamba mtunzi, baada ya kuonyesha kuanguka kwa kasri, aliona kwamba bado hajaeleza kilichoitikisa misingi yake, akalazimika kurudi nyuma mara mbili. Makala haya yanazisoma riwaya hizo kwa kufuata mfuatano wa matukio ya kihistoria badala ya mfuatano wa kuchapishwa.

2.0 Lugha ya Utii na Mwanzo wa Mapinduzi

Kabla ya kuingia katika riwaya, ni vyema kutazama jambo moja linalojitokeza katika mapinduzi mengi dhidi ya wafalme. Nchini Ufaransa, mapema mwaka 1789, wananchi wa vijiji na miji waliandika madaftari ya malalamiko ili yapelekwe kwenye baraza kuu lililoitishwa na Mfalme Louis XVI. Malalamiko yalikuwa makali, lakini mfalme mwenyewe alitajwa kwa heshima, na wengi walimwona kuwa ndiye atakayewaokoa kutoka kwa watoza ushuru na mabwana wa ardhi. Mfalme huyo huyo alikatwa kichwa mwezi Januari 1793. Nchini Urusi, mwezi Januari 1905, wafanyakazi wa St. Petersburg waliandamana kuelekea kasri la Mfalme Nicholas II wakibeba picha takatifu na picha za mfalme, pamoja na waraka wa maombi. Walipokewa kwa risasi. Miaka 12 baadaye kiti hicho cha enzi kiliondolewa.

Mfano wa karibu zaidi ni Ethiopia. Mwezi Januari 1974 askari wa kambi ya Negelle, kusini mwa nchi hiyo, waliasi kwa sababu ya chakula kibaya na ukosefu wa maji safi. Hawakudai kuondolewa kwa Mfalme Haile Selassie. Hata kamati ya wanajeshi iliyoundwa katikati ya mwaka huo ilianza kwa kutangaza kwamba inamtii mfalme. Mwezi Septemba ikamwondoa.

Mifano hii inaonyesha ngazi tatu zinazoweza kutumiwa kama kiunzi cha uchambuzi. Ngazi ya kwanza ni ya kuomba: watu hudai haki zao kwa lugha ya utii, wakiamini kwamba mtawala hana habari au amepotoshwa na watumishi wake. Ngazi ya pili ni ya kujitaja upya: watu hukataa majina waliyopewa na kujipa mengine, au huyachukua yale yale ya dharau na kuyageuza kuwa bendera. Ngazi ya tatu ni ya kuufuata uzi wa dhuluma, kutoka kwa msimamizi hadi kwa mwajiri, kutoka kwa mwajiri hadi kwa serikali, na kutoka kwa serikali hadi kasrini. Mfalme, ambaye historia humtaja kwanza, huonekana mwisho katika macho ya wanaompindua.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi safari hii katika neno raia. Neno hili limetokana na Kiarabu, na asili yake ina uhusiano na uchungaji: ni kundi lenye mchungaji wake, na kwa maana ya kisiasa ni watu walio chini ya uangalizi wa mtawala. Raia wa Sultani, kwa maana hiyo ya asili, ni mifugo ya Sultani. Neno mwananchi lina mantiki tofauti kabisa: linamfungamanisha mtu na nchi, si na mchungaji. Leo raia hutumika kwa maana ya mtu mwenye haki za kikatiba, na wasemaji wengi hawahisi tena harufu ya zizi ndani yake. Neno limepinduliwa na watumiaji wake bila kubadilishwa hata herufi moja.

3.0 Zanzibar, 1948 hadi 1964

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Sultani alibaki na bendera, kasri na heshima zake. Maamuzi makubwa yalikuwa mikononi mwa Waingereza. Kuanzia mwaka 1911 hadi 1960 aliyekalia kiti alikuwa Sultani Khalifa bin Harub, ambaye watu wengi wa makabila mbalimbali walimheshimu. Heshima hiyo ilikuwa ngao ya ufalme. Mtu aliyeonewa na hakimu, mwenye shamba au kampuni aliweza kuendelea kumpenda Sultani.

Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma wakidai ujira unaolingana na kupanda kwa gharama za maisha baada ya Vita Kuu ya Pili. Mgomo huo ulienea mjini na kuwa mgomo wa jumla. Miaka mitatu baadaye, Julai 1951, yalitokea machafuko yanayokumbukwa kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Wakulima wa Kiembesamaki na maeneo ya jirani, ambao tayari walikuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa amri ya kuwachanja ng'ombe wao dhidi ya kimeta. Baadhi yao walishtakiwa, umati ukajaribu kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa.

Kilichofuata ni cha kuzingatiwa sana na mwanafunzi wa lugha. Wakulima hao waliunda chama, na jina walilokipa lilikuwa Chama cha Kitaifa cha Raia wa Sultani wa Zanzibar. Watu waliotoka kumwagiwa damu na polisi wa serikali walijitambulisha kwa jina la Sultani. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza katika sura yake kamili. Mwaka 1955 chama hicho kiligeuka kuwa msingi wa Zanzibar Nationalist Party, maarufu kwa jina la Hizbu, na uongozi wake ukahamia kwa wasomi wa mjini. Mwezi Februari 1957 African Association na Shirazi Association ziliungana na kuzaa Afro-Shirazi Party chini ya Abeid Amani Karume.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya chaguzi na mivutano. Uchaguzi wa Juni 1961 uliambatana na fujo zilizoua watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu ilipata viti 12 na mshirika wake, ZPPP, viti 6. Wawili hao wakaunda serikali chini ya Mohammed Shamte. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, Zanzibar ilikuwa ufalme wa kikatiba wenye waziri mkuu ambaye muungano wake haukuungwa mkono na wingi wa wapigakura. Serikali hiyo mpya iliwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara, na mwanzoni mwa Januari 1964 ikakipiga marufuku chama cha Umma kilichoanzishwa na Abdulrahman Babu. Waingereza walikuwa wamekwisha kuondoka na ngao yao. Kasri lilibaki peke yake mbele ya umma, na siku 33 baada ya uhuru likaanguka.

4.0 Hatua za Awali katika Riwaya

4.1 Kuli: jina la dharau linapogeuka bendera

Kuli inamfuata Rashidi, kijana wa familia ya kimaskini anayerithi kazi ya baba yake ya kubeba mizigo bandarini. Maisha ya bandarini yanasawiriwa kwa undani: uzito wa magunia, hatari za kazi, ujira usiotosha, na lugha ya wasimamizi. Neno kuli lenyewe ni la dharau; humtaja mtu kwa mgongo wake, si kwa akili yake. Mtunzi analiweka neno hilo kwenye jalada, na kadiri hadithi inavyoendelea ndivyo linavyobadilika uzito. Wachukuzi wanapoungana na kugoma, kuwa kuli kunakuwa sababu ya kusimama pamoja.

Ni muhimu kuona ni nani anayelengwa katika riwaya hii. Mgogoro ni kati ya wachukuzi na mwajiri, na nyuma ya mwajiri kuna serikali ya kikoloni. Sultani yuko mbali na ghati. Rashidi hahitaji kuwa na nadharia ya ufalme ili agome. Anahitaji kujua kwamba njaa ya nyumbani kwake ina uhusiano na faida ya kampuni. Hatua ya kuunganisha mambo hayo mawili ndiyo kiini cha riwaya, na inapatikana kwa kujifunza kutoka kwa wenzake waliotangulia kuamka. Shafi hamfanyi Rashidi kuwa shujaa aliyezaliwa na mwamko. Anamfanya mwanafunzi, na kwa njia hiyo anamfanya msomaji naye awe mwanafunzi.

4.2 Vuta n'Kuvute: mduara mdogo wa watu wasiofanana

Katika Vuta n'Kuvute harakati zimekwisha kupevuka na kuingia katika usiri. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume mwenye umri wa kuweza kumzaa. Anaikimbia ndoa hiyo, anapewa hifadhi na Mwajuma, na katika mazingira hayo mapya anakutana na Denge, kijana anayeupinga ukoloni na anayeandamwa na polisi. Uasi wa Yasmin dhidi ya ndoa na uasi wa Denge dhidi ya serikali vinasukwa pamoja hadi inakuwa vigumu kuvitenganisha.

Mchango mkubwa wa riwaya hii katika mjadala wa hatua za awali ni mchanganyiko wa watu wake. Wanaokutana faraghani hawana kabila moja wala tabaka moja. Msomaji anayejua yaliyotokea Januari 1964 hawezi kuupuuza mchanganyiko huo. Katika siku za mapinduzi, watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kiasia, waliuawa, na wengine wengi walilazimika kuhama. Riwaya ya mwaka 1999 inakumbusha kwamba miongoni mwa watu walioianza safari walikuwamo wale ambao, safari ilipofika mwisho, walihesabiwa kuwa upande wa pili. Hatua za awali za mapinduzi huwa na mlango mpana kuliko hatua zake za mwisho. Kama mtunzi angeandika Kasri ya Mwinyi Fuad peke yake, jambo hili lisingeonekana, kwa sababu riwaya hiyo ya awali imejengwa juu ya mgongano ulio wazi zaidi kati ya bwana na mtumwa wake.

4.3 Kasri ya Mwinyi Fuad: mtu asiyeanza safari

Kijakazi, mhusika anayeshika hisia za msomaji katika Kasri ya Mwinyi Fuad, amepewa jina ambalo ni hali yake. Ni mtumishi katika kasri la bwana shamba Fuad, na maisha yake yote yamepimwa kwa matakwa ya mabwana zake. Amepigwa, amedhalilishwa, na bado anaamini kwamba kumtumikia Mwinyi ni wajibu na hata ni baraka. Wengine wanaomzunguka wanapoanza kusema juu ya ardhi na haki, yeye anaendelea kusema kwa lugha ya kasri. Mapinduzi yanapofika na Fuad anapoteza mali, Kijakazi hafurahii ukombozi wake. Moyo wake unabaki kwa bwana wake.

Wahakiki wanaweza kuliona hili kama udhaifu wa mhusika, au kama kejeli ya mtunzi kwa watu waliolala. Uchambuzi wa makala haya unaliona kuwa jambo zito zaidi. Kijakazi yuko katika ngazi ya kwanza, ile ya utii, hata baada ya nchi nzima kufika ngazi ya tatu. Kwa kumweka mhusika huyu katikati ya riwaya ya mapinduzi, Shafi anakiri kwamba kubadilika kwa serikali na kubadilika kwa nafsi havifuati saa moja. Fuad anaweza kuondolewa kasrini kwa siku moja. Kumwondoa Mwinyi katika kinywa cha Kijakazi kunahitaji muda ambao hakuna mwanamapinduzi aliyeupangia ratiba. Kasri lililotajwa katika jina la riwaya ni la mwenye shamba, lakini limesimama badala ya lile la Sultani, na sehemu yake iliyo imara zaidi imejengwa ndani ya Kijakazi.

5.0 Kusoma Kutoka Hulugho

Hulugho ni mji mdogo wa wafugaji katika Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Lugha ya kwanza ya wakazi wengi ni Kisomali, na Kiswahili hupatikana zaidi shuleni, sokoni na katika ofisi za serikali. Mtu anaweza kudhani kwamba riwaya za karafuu na bandari ziko mbali mno na mwanafunzi wa hapo. Historia inasema vingine. Kwa makubaliano ya mwaka 1886 kati ya Waingereza na Wajerumani, Sultani wa Zanzibar alitambuliwa kuwa na mamlaka juu ya ukanda wa pwani wa maili 10, kisiwa cha Lamu, na miji ya Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu. Nchi ya malisho ilipo Hulugho ilibaki kati ya Lamu na Kismayu, ndani ya bara, nje ya bendera ya Sultani lakini isiyo mbali na kivuli chake. Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikabidhiwa Waitalia mwaka 1925, na mpaka uliopo jirani na Hulugho ni matokeo ya makabidhiano hayo. Ukanda wa pwani ya Kenya nao ulitoka mikononi mwa Sultani Jamshid kwa mkataba wa Oktoba 1963, miezi mitatu kabla hajapoteza kiti chenyewe.

Msomaji wa Hulugho huja na faida mbili. Ya kwanza ni kwamba jamii yake haikuzoea mfalme. Vyeo vya heshima kama ugaas na suldaan vipo miongoni mwa Wasomali, lakini mambo mengi huamuliwa katika shir, yaani baraza la wazee, kwa kufuata sheria za jadi ziitwazo xeer, na mwanamume mtu mzima ana haki ya kusimama na kusema. Kwa hiyo utii wa Kijakazi, ambao msomaji wa mahali pengine anaweza kuupokea kama jambo la kawaida, utamshangaza mwanafunzi huyu. Mshangao huo ni mwanzo mzuri wa uhakiki. Mwalimu anaweza kuuliza: ni nini kinachohitajika ili mtu aamini kwamba yeye ni mali ya mwingine?

Faida ya pili ni ng'ombe. Mtoto wa mfugaji hahitaji tanbihi ili aelewe kwa nini wakulima wa Kiembesamaki walifikia hatua ya kupambana na polisi kwa sababu ya sindano. Anajua kwamba ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni maziwa ya jioni, na kwamba amri juu ya mifugo ni amri juu ya nyumba. Anajua pia kwamba chanjo yenyewe inaweza kuwa na manufaa, na kwamba ugomvi huwa ni juu ya nani ameamuru na kwa heshima gani. Vita vya Ng'ombe, ambavyo katika vitabu vingi hupewa aya moja, vinaweza kuwa somo zima Hulugho.

Lakini usomaji huu unaibua jambo gumu zaidi. Katika majuma yale yale ambayo Zanzibar ilikuwa ikielekea kwenye mapinduzi, eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya lilikuwa likiingia katika vita. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuwa imeona kwamba Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kuungana na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa, na uchaguzi wa mwaka 1963 ukasusiwa na wengi. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Malkia Elizabeth II akiwa bado mkuu wa nchi hadi ilipokuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Tarehe 28 Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Siku 15 baadaye Sultani alipinduliwa Unguja.

Matukio hayo mawili yanatofautiana kwa mengi. Moja liliondoa utawala ndani ya nchi. Lingine lilitaka kuhamisha mpaka wa nchi. Moja lilifaulu kwa siku moja. Lingine liliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Hata hivyo yote mawili yalianza na watu waliohisi kwamba hesabu ya matakwa yao imepuuzwa. La kwanza linaitwa mapinduzi na lina siku yake ya mapumziko. La pili liliitwa ushifta, kutokana na neno la Kiethiopia lenye maana ya haramia au mhalifu wa porini. Inafaa kukumbuka kwamba huko Ethiopia neno hilo halikumfunga mtu milele: Mfalme Tewodros II alikuwa shifta kabla ya kutawazwa mwaka 1855. Kaskazini Mashariki, jina hilo liliwafunika wapiganaji pamoja na wafugaji ambao hawakuwahi kushika bunduki. Mifugo ilitwaliwa, watu wakakusanywa katika vijiji vya lazima, na Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 ikazuia watendaji wa serikali kushtakiwa kwa yaliyofanyika huko kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaweka mengi ya mateso hayo katika kumbukumbu rasmi.

Hapa Kiswahili chenyewe kinapaswa kuhojiwa. Neno mapinduzi linabeba maana pana mno: hutumika kwa umma unaouangusha ufalme, na pia kwa maofisa wachache wanaoteka redio alfajiri. Ndiyo maana mjadala juu ya Januari 1964 haumaliziki kwa kulitaja jina hilo. Wapo Wazanzibari wanaoliita tukio hilo uvamizi, wakikumbuka nafasi ya watu waliotoka nje ya visiwa, akiwamo John Okello wa kutoka Uganda. Shafi mwenyewe alilirudia suala la majina katika Haini (2003), riwaya inayohusu watu waliotiwa kizuizini na kuteswa baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972. Kuli, kijakazi, haini: kila mara mtunzi anachukua jina ambalo wenye nguvu wamelibandika juu ya mtu na kulijaza uhai wa mtu huyo hadi jina linashindwa kumtosha. Neno shifta linahitaji kufanyiwa kazi ya namna hiyo hiyo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hatua za awali za mapinduzi ya Zanzibar, kama zinavyosawiriwa na Shafi Adam Shafi, ni safari ya lugha sawa na ilivyo safari ya siasa. Wakulima waliojiita raia wa Sultani mwaka 1951, wachukuzi waliolikubali jina la kuli ili walipindue, vijana wa siri waliokutana bila kuulizana asili, na Kijakazi asiyeweza kuliacha neno Mwinyi, wote ni sehemu ya historia moja. Tarehe 12 Januari 1964 inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kutokea kwao.

Imeonyeshwa pia kwamba riwaya hizi hupata maana mpya zinaposomwa mbali na visiwa. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Hulugho na maeneo jirani wahimizwe kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu miaka ya 1963 hadi 1967, pamoja na majina ambayo wazee hao wenyewe huyatumia kwa matukio na kwa watu, kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Kazi hiyo ifanywe kwa ridhaa ya wasimulizi na kwa uangalifu, kwa kuwa majeraha mengine hayajapona. Mhadhiri anayesimamia tasnifu za fasihi simulizi anaweza kuianzisha bila kungoja ruzuku kubwa. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1963 sasa wamepita umri wa miaka 75, na idadi yao inapungua kila msimu wa kiangazi. Riwaya ya Hulugho itakapoandikwa, mtunzi wake atahitaji maneno yao. Na kama hayatakuwa yamehifadhiwa, atabaki na neno moja tu ambalo wao hawakujipa.